UZI: Kichanga kinachotuamisha maji juu ya tili ya barafuto, kusini-mashariki mwa Massachusetts

#1 Mchimbashimo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika kutoka kaunti ya Plymouth, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako kazi yangu ni kuchimba mashimo ya uchunguzi wa udongo kabla nyumba haijawekewa mfumo wake wa maji taka. Nafungua uzi huu kwa sababu ya kosa nililolifanya miaka michache kabla sijaingia katika kazi hii, na ambalo naona ndugu zetu wanaotafuta vipande vya ardhi vya kulimia mchicha, mnavu na sukuma wiki huku ughaibuni wanaendelea kulirudia.

Nilikodi shamba mwezi Agosti. Ardhi ilikuwa tambarare, kavu, na udongo wake ulikuwa kichanga kilichopita katikati ya vidole kama unga wa sembe. Mimi ni mtu wa Morogoro, na tangu utotoni nimeelezwa kwamba kichanga hupitisha maji, na kwamba taabu yake ni kiu na njaa, si mafuriko. Nililipa kodi ya mwaka mzima bila kushika jembe. Mwezi Aprili uliofuata nilikuta maji yamesimama katika mifereji ya matuta, na miche niliyoipanda kwa haraka ikageuka manjano kuanzia majani ya chini kwa sababu mizizi haikuwa na hewa. Nikasema basi, hili ni shamba la majimaji, nisubiri likauke nipande upya. Likakauka kweli, na mwishoni mwa Julai matuta yaleyale yalinyauka baada ya siku kumi tu bila mvua. Shamba moja, msimu mmoja, likazama kisha likafa kwa kiu.

Sababu niliielewa baadaye, siku nilipochimba shimo la mita moja. Sentimita 55 za juu zilikuwa mchanga tifutifu, laini, usio na mawe mengi. Chini yake jembe liligonga kitu nilichodhani ni mwamba. Haukuwa mwamba. Ulikuwa udongo wa kijivu uliochanganyika na mawe ya kila ukubwa, umeshikamana kiasi kwamba sururu ilitoa vipande bapa kama sahani, na juu yake palepale, kwenye mpaka wa tabaka mbili hizo, maji yalikuwa yakichuruzika kutoka upande wa mlima.

Tabaka hilo la chini ndilo linaloitwa tili ya barafuto; barafuto ni barafu nene inayosonga polepole juu ya nchi. Barafuto ya mwisho iliyofunika sehemu hizi ilifika hadi visiwa vya Martha's Vineyard na Nantucket miaka ipatayo 25,000 iliyopita, kisha ikarudi nyuma kuelekea kaskazini. Ilipokuwa ikisonga mbele ilikwangua miamba ya graniti na naisi, ikaisaga kuwa mchanganyiko wa mawe, kokoto, mchanga, unga wa mwamba na mfinyanzi kidogo, na ikaukandamiza mchanganyiko huo kwa uzito wake huku ikiuburuza. Mto huchambua unachobeba: changarawe huku, mchanga kule, tope mbali zaidi. Barafuto haichambui chochote. Kwa hiyo nafasi zilizo kati ya kokoto hujazwa na mchanga, na nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga hujazwa na unga wa mwamba, jambo ambalo kila fundi wa zege analijua vizuri, isipokuwa kwamba hapa hakuna saruji.

Mchanga wa juu ulikuja baadaye, barafuto ilipokuwa ikiyeyuka. Mahali pengine uliletwa na maji ya myeyuko; mahali pengine ulipeperushwa na upepo kabla mimea haijaifunika nchi. Matokeo yake ni blanketi jepesi la kichanga lililotandikwa juu ya sakafu ngumu. Wapimaji wa udongo wa Marekani wana majina kwa udongo wa namna hii katika kaunti hii: ule unaokauka vizuri wanauita Poquonock, wa kati wanauita Birchwood, na ule unaotuamisha maji, kama wa shamba langu, wanauita Mattapoisett, kwa jina la mji ulio kando ya ghuba ya Buzzards.

Nakaribisha maswali.

#2 Luseni_Shy

Mkuu, nimesoma kwa makini na nimetabasamu, kwa sababu ulichokieleza sisi Wasukuma tunakijua kwa jina lake. Ukitoka kwenye vilima vya mawe kushuka bondeni unaanza na luseni, ambayo ni kichanga chetu cha kulimia karanga na viazi. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, ambayo juu ni kichanga na chini ni tabaka gumu lisilopitisha maji. Na bondeni kabisa ni mbuga nyeusi. Itogolo wakati wa masika hujaa maji hadi juu, na wakati wa kiangazi huwa ngumu kama barabara ya lami. Je, hiyo Mattapoisett yako si itogolo iliyovaa koti la baridi?

#3 Mchimbashimo

Ndugu Luseni_Shy, umenipa mfano bora kuliko wangu. Tabia ya maji inafanana sana: tabaka la juu linapokea mvua haraka, tabaka la chini linaikataa, na maji yanabaki yakining'inia katikati. Utaratibu wa kushuka mlimani pia unafanana, kwa maana kila hatua ya mteremko ina udongo wake na jina lake.

Tofauti iko kwenye kilicholifanya tabaka la chini liwe gumu. Ugumu wa itogolo unatokana na mfinyanzi uliokusanyika chini, na mara nyingi chumvi za sodiamu zinazoutawanya mfinyanzi huo hadi ukaziba vinyweleo vyote. Tili ya huku haina mfinyanzi mwingi. Ukiisugua kiganjani unahisi mchanga. Ugumu wake ni wa kukandamizwa. Gramu za udongo katika sentimita moja ya ujazo ni kama 1.4 kwa kichanga kilicholegea, na hufika 1.8 au zaidi kwa tili. Kwa kuwa chembe za madini zenyewe zina gramu 2.65, karibu nusu ya kichanga ni nafasi tupu, ilhali katika tili nafasi hizo hazifiki theluthi, na hizo chache zilizopo ni nyembamba na hazijaungana vizuri. Mizizi ya mimea mingi hushindwa kupenya udongo mzito kiasi hicho.

Kuna jaribio moja la jikoni ninalolipenda. Chukua bonge la tili, lianike likauke kabisa, kisha litumbukize kwenye glasi ya maji. Litamumunyika na kuwa rundo la mchanga na tope chini ya glasi. Kama lingekuwa limeungana kwa chokaa au kwa chuma, lingebaki zima. Jiwe lililokuvunja mpini wa sururu asubuhi linageuka uji jioni. Mara ya kwanza nilipoliona nilicheka peke yangu.

Tofauti nyingine ni ya manufaa. Kwenu itogolo imegeuzwa kuwa shamba la mpunga kwa kujenga majaluba, kwa sababu maji yanasimama wakati wa joto, wakati mpunga unapoyataka. Huku maji yanasimama kuanzia Novemba hadi Mei, wakati ambapo hakuna kinachoota, na yanaondoka Julai, wakati ambapo kila kitu kinayahitaji.

#4 MamaBustani

Shikamoo kaka, na asante kwa somo. Mimi niko Worcester na nimeonyeshwa kipande cha ekari mbili upande huohuo wa Plymouth, karibu na ndugu zangu. Mwenye ardhi anasema udongo ni wa mchanga na unafaa mboga. Swali langu ni hili: ikiwa tatizo ni sakafu ngumu, kwa nini usikodi trekta lenye jino refu la kupasua chini, ukaivunja hiyo sakafu mara moja, maji yakashuka, na mambo yakaisha? Kwetu Babati tulikuwa tunavunja tabaka gumu la jembe la trekta kwa njia hiyo na mahindi yalibadilika mwaka uleule.

#5 Mchimbashimo

Marahaba, dada yangu. Tabaka mlilolivunja Babati lilikuwa na unene wa sentimita chache, limetengenezwa na jembe la sahani lililopita kina kilekile miaka mingi, na chini yake kulikuwa na udongo uliolegea wa kupokea maji. Ukilitoboa, maji yana pa kwenda. Tili ya huku inaweza kuwa na unene wa mita kadhaa, na mahali pengine zaidi ya hapo. Ukiipasua kwa jino la trekta kwa kina cha sentimita 80 unakuwa umetengeneza mfereji wenye kitako kilekile kigumu. Maji yatashuka humo, yatajaa, na yatabaki. Zaidi ya hayo, kama nilivyosema kuhusu lile jaribio la glasi, vipande vilivyovunjika humumunyika vikilowa, na ufa unajifunga wenyewe baada ya msimu mmoja au miwili.

Kinachosaidia ni kuyazuia maji kabla hayajafika. Sehemu kubwa ya maji yanayozamisha shamba la namna hii hayakunyesha juu yake. Yalinyesha juu ya mlima, yakazama kwenye kichanga, yakagonga tili na kuteleza juu yake kuja kwako. Ukichimba mtaro upande wa juu wa shamba, ukaushusha hadi uingie kidogo ndani ya tili, ukaweka bomba lenye matundu na kulifunika kwa changarawe, unayakamata maji hayo na kuyazungusha pembeni. Bomba likiachwa sentimita 20 juu ya tili, maji hupita chini yake kimyakimya.

#6 Tabaka_B

Mwanzisha uzi, naomba nipinge kidogo. Umeandika katika #1 kana kwamba tili ndiyo sababu ya maji kutuama. Lakini katika chapisho hilohilo umesema kuwa Poquonock, ambayo ina kichanga kilekile juu ya tili ileile, inakauka vizuri. Kama sakafu ni ile ile na blanketi ni lile lile, basi sakafu haiwezi kuwa maelezo kamili. Mimi nilisomea jiolojia Dar es Salaam, na nakumbuka mwalimu akitukataza kueleza tofauti kwa kutumia kitu kisichotofautiana.

#7 Mchimbashimo

Ndugu Tabaka_B, umenishika pazuri na ninakubali. Maelezo ya #1 yana pengo, na nitajaribu kuliziba kwa hesabu.

Tuchukue kichanga chenye kina cha sentimita 55. Katika mchanga wa aina hii, robo ya ujazo wake hivi ni nafasi ambazo maji huingia na kutoka kwa uzito wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba milimita 25 za mvua zikifika kwenye maji yaliyosimama juu ya tili, zinayapandisha sentimita 10. Ili kuyajaza hadi usoni pa ardhi zinahitajika milimita kama 140. Sehemu hizi hupata karibu milimita 1,200 za mvua na theluji kwa mwaka, zikiwa zimegawanyika karibu sawa kwa kila mwezi, yaani milimita 100 hivi. Miti ikishapukutisha majani mwezi Novemba hakuna anayeyanywa maji hayo. Mwezi mmoja na nusu unatosha kulijaza shamba, hata pasipo tone moja kutoka mlimani.

Sasa maji hayo yatatokaje? Njia ya kwanza ni kushuka polepole kupitia tili, ambayo si chuma. Inapitisha, ila kidogo mno. Mahali pa chini njia hiyo hufungwa kabisa, kwa sababu tili yenyewe imekwishajaa maji na hakuna kinachoyavuta kwenda chini. Njia ya pili ni kwenda pembeni kupitia kichanga. Chukulia kichanga kinachoweza kupitisha mita 3 kwa siku, na mteremko wa asilimia 2. Ukizidisha, unapata sentimita 6 kwa siku. Ukigawa kwa robo, kwa kuwa maji yanapita kwenye nafasi tu na si kwenye chembe, unapata mwendo halisi wa sentimita 24 kwa siku. Tone la maji lililo mita 100 kutoka kwenye kijito linahitaji zaidi ya mwaka kukifikia! Msimu mwingine wa maji mengi unalikuta bado njiani. Fanya mteremko uwe asilimia 8 na mwendo unakuwa mara nne. Weka shamba juu ya mgongo wa kilima, ambako hakuna maji yanayoletwa na mtu mwingine, na hapo unapata Poquonock.

Kwa hiyo nijisahihishe: tili inatoa sakafu, na umbo la nchi ndilo linaloamua kama sakafu hiyo ni paa la nyumba au ni sinia. Udongo wa Mattapoisett uko kwenye sinia, yaani mabonde mafupi, miguu ya vilima na tambarare zilizo kati yake.

Hesabu hiyohiyo inaeleza ule ukame wa Julai ulionishangaza. Kichanga kikishachujika hubaki na maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, kama asilimia 7 ya ujazo wake. Kwa sentimita 55 hizo ni milimita 39 hivi. Mboga wakati wa joto hunywa kama milimita 5 kwa siku. Siku nane, na ghala ni tupu; na mizizi iliyozuiwa na maji tangu Aprili haikuwahi kufika hata kwenye nusu ya ghala hilo. Mwenye shamba la tifutifu la kina kirefu ana ghala la wiki kadhaa.

#8 Tabaka_B

Nimeridhika, na nashukuru kwa uungwana. Nina nyongeza moja kwa wasomaji wa nyumbani: tili sio kitu cha ughaibuni tu. Mlima Kenya una malundo yake ya tili katika mabonde kama Teleki, yaliyoachwa na barafuto zilizokuwa kubwa kuliko hizi zinazotoweka leo, na Kilimanjaro na Rwenzori vilevile. Tofauti ni kwamba kwetu nyingi ziko juu sana milimani, mahali ambapo hakuna anayepanda mchicha.

#9 MamaBustani

Nimeelewa kuhusu maji. Lakini shida yangu ni kwamba nitakwenda kuliona shamba mwezi huu wa Agosti, wakati kila kitu kimekauka, kama ilivyokukuta wewe. Nitajuaje kilichokuwapo Aprili?

#10 Mchimbashimo

Dada, hili ndilo swali lililobadilisha maisha yangu ya kazi, na jibu lake ni kwamba udongo huweka kumbukumbu. Maji hukimbia, rangi hubaki.

Kichanga kinachopata hewa huwa na rangi ya kahawia iliyokolea kidogo, kwa sababu kila chembe imevaa utando mwembamba wa kutu ya chuma. Udongo ukijaa maji wakati umepata joto la kutosha, vijidudu vilivyomo humaliza oksijeni, kisha vinaanza kuitumia ile kutu badala yake. Chuma kilichokuwa kutu kinageuka kuwa chuma kinachoyeyuka, na maji yanakibeba. Kinachobaki ni mchanga uliovuliwa nguo, wa kijivu. Maji yakishuka na hewa ikirudi, chuma kile kinaganda tena mahali ambapo hewa iliingilia kwanza, hasa kandokando ya njia za mizizi ya zamani, na hapo unaona madoa na mistari ya rangi ya chungwa au nyekundu. Kijivu chenye madoa ya kutu ni kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko: haikuambii mvua ilinyesha siku gani, lakini inakuonyesha maji huwa yanafika wapi.

Sisi tunapima kwa kitabu cha rangi cha Munsell, ambacho kila ukurasa wake una vipande vya rangi unavyovilinganisha na bonge la udongo lililoloweshwa. Kinachotazamwa zaidi ni ukolevu wa rangi, ambao kitabu hicho huupa namba, na namba ndogo ndiyo iliyo karibu na kijivu: ukiwa 2 au pungufu, na madoa ya kutu yakiwa karibu, tunahesabu kuwa maji hukaa hapo kwa muda mrefu. Katika udongo unaotuamisha maji sana, dalili hizo huanza ndani ya sentimita 30 za juu au karibu na hapo.

Kuna tahadhari moja. Kichanga ni shahidi mwenye haya. Chuma chake ni kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo madoa yake huwa hafifu, na macho yasiyozoea yanaweza kuyapita. Mara nyingi unachokiona ni mabaka yenye kingo zisizo wazi, kahawia hafifu na kijivu zimeingiliana kama kanga iliyochuja. Pia si kila kijivu ni maji: katika misitu ya misonobari asidi ya majani huosha chuma kutoka tabaka la juu na kuacha mkanda mweupe kama majivu, hata mahali pakavu. Mkanda huo huwa juu, na chini yake kuna rangi nyekundu au kahawia iliyokolea. Kijivu cha maji huendelea kushuka hadi kwenye tili.

Angalia na uso wa ardhi. Udongo wa juu ukiwa mweusi sana, mzito, unaopaka vidole kama masizi, ujue mabaki ya mimea hayaozi vizuri kwa kukosa hewa. Tazama miti: mepo mwekundu, ambaye wataalamu humwita Acer rubrum, akitawala, na chini yake kukiwa na vichaka vya bluberi ndefu na vya Clethra alnifolia, hiyo ni barua iliyotiwa sahihi. Na kama kuna msitu wa zamani pembeni, tembea ndani yake uone vishimo na vichuguu vilivyo sambamba. Miti iliyosimama juu ya tili hutandaza mizizi kama sahani, kwa hiyo upepo mkali unaing'oa mizima, na udongo unaoinuka na mizizi hubaki kuwa kichuguu baada ya gogo kuoza. Kimbunga cha mwaka 1938 kiliangusha misitu mingi sana katika majimbo haya.

#11 Mjenzi_wa_Lowell

Naomba kuuliza kando kidogo. Mimi si mkulima, nataka kujenga. Je, kichanga hicho si kizuri kwa mfumo wa maji taka, kwa kuwa kinanywa haraka?

#12 Mchimbashimo

Kunywa haraka ndiko kunakowadanganya wengi. Mahali pasipo na bomba la mji, maji taka hutoka kwenye tangi na kuingia katika uwanja wa mabomba uliozikwa, ambako udongo unatakiwa kuyasafisha kabla hayajafika kwenye maji ya ardhini. Kichanga kinayapitisha upesi kuliko kinavyoyasafisha. Kanuni za jimbo la Massachusetts, ambazo kila fundi hapa anaziita Title 5, zinadai kitako cha uwanja huo kiwe angalau futi 4 juu ya kiwango cha juu cha maji ya ardhini, yaani mita 1.2, na futi 5 pale ambapo udongo unapitisha haraka mno. Kiwango kinachohesabiwa ni kile cha msimu wa maji mengi, sio cha siku ya kupima, na mtathmini wa udongo aliyeidhinishwa hukikadiria kwa rangi nilizozieleza hapo juu.

Sasa weka tarakimu hizo juu ya Mattapoisett, ambako maji hupanda hadi sentimita 30 kutoka juu, au karibu zaidi na uso wa ardhi. Uwanja wako wa mabomba utalazimika kukaa juu ya ardhi, katika kilima cha mchanga kilicholetwa kwa malori. Inawezekana mahali pengine. Gharama yake ni kubwa, na mahali pengine haikubaliki kabisa. Chumba cha chini ya nyumba nacho kitahitaji pampu kila masika. Kisha kuna sheria ya jimbo ya kulinda ardhi oevu, ya mwaka 1972, ambayo inakutaka upate idhini ya kamati ya hifadhi ya mji kabla ya kuchimba ndani ya futi 100 za ardhi oevu yenye mimea. Udongo wa aina hii mara nyingi ndiyo ardhi oevu yenyewe. Nenda ofisi za mji ukaulize kabla ya kutoa malipo ya awali.

#13 Luseni_Shy

Kwa hiyo wenyeji wanaufanyia nini udongo huo? Haiwezekani miaka yote hiyo wameuacha tu.

#14 Mchimbashimo

Sehemu kubwa wameuacha uwe msitu, na kwa maoni yangu walifanya vyema. Ukitaka kulima, bluberi ndefu ni mwenyeji wa hapohapo: inapenda asidi, pH 4.5 hadi 5 na kidogo, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya udongo huu bila chokaa. Wakulima huipanda juu ya matuta ya sentimita 30 ili shina lisiloe, na kuweka vumbi la mbao juu ili ghala la Julai lisiishe mapema.

Kranberi, tunda dogo jekundu na chachu, ndiyo zao kuu la kaunti hii, ingawa mashamba yake ya asili yalikuwa zaidi kwenye vinamasi vya mboji, ambavyo wakulima huvifunika kwa tabaka jembamba la mchanga kila baada ya miaka michache. Mchanga wanao tele. Waafrika waliokuja hapa kwa hiari yao kuvuna kranberi katika karne ya 19 na ya 20 walikuwa watu wa Kabo Vede, na hadi leo utawakuta wajukuu wao Wareham na New Bedford. Mzee mmoja wa kwao ndiye aliyenifundisha kutambua mepo mwekundu kwa vikonyo vyake hata kabla majani hayajafunguka.

Mboga zetu zinawezekana kwa masharti: mtaro wa upande wa juu, matuta marefu, mboji nyingi, chokaa kwa kupima, na kuanza kupanda mwishoni mwa Mei badala ya Aprili. Usiweke samadi wakati wa vuli. Maji ya majira ya baridi yatachukua nitrojeni yake, na iliyobaki itageuzwa kuwa gesi na vijidudu vilevile visivyo na oksijeni.

#15 MamaBustani

Kaka, nimerudi kutoka Plymouth. Nilichukua jembe na chupa ya maji ya kulowesha udongo, na mwenye ardhi alisimama ananitazama kama anayetazama mganga. Juu kulikuwa na udongo mweusi, kina cha kiganja. Kuanzia sentimita 25 mchanga ulikuwa wa kijivu wenye mistari ya rangi ya chungwa kandokando ya mizizi. Katika sentimita 60 jembe liligonga na kutoa mlio. Nilileta bonge moja nyumbani, nikalianika dirishani siku nne, na jana usiku nimelitumbukiza kwenye glasi mbele ya watoto. Limemumunyika.

Upande wa juu wa shamba, karibu na barabara, kuna kama robo ekari iliyoinuka. Nilichimba pia pale: kahawia hadi sentimita 70, bila kijivu. Nimemwambia nitakodi ile robo tu, na amekubali, ingawa amenipunguzia kodi kidogo kuliko nilivyotarajia.

#16 Mchimbashimo

Hongera sana dada. Kabla hujapanda, zika pale juu bomba la plastiki lenye matundu, kipenyo cha sentimita 5, hadi ligonge tili, na uwe unashusha ufito ndani yake kila Jumapili kuanzia Novemba kupima maji yako wapi. Ukituwekea tarakimu hapa hadi Mei, tutajua kama hiyo robo ekari ni Poquonock au ni Birchwood.

#17 MamaBustani

Bomba nimenunua leo. Tarakimu za kwanza nitaziweka Novemba.